Mfupa wa Punda Nilioulilia

Mwaka juzi, kiangazi kilipokuwa kinaishia, nilimpigia simu mke wangu nikamwambia ng'ombe wake amekufa. Nilimweleza mfupa nilioushika mkononi: urefu wake, rangi yake, mpaka harufu. Alilia. Mimi nami nikalia. Halafu nikauzika mfupa ule nyuma ya zizi, nikasali hata Baba Yetu juu yake, kofia mkononi.

Mfupa ulikuwa wa punda.

Msomaji acheke taratibu, asimalize kicheko chote hapa. Huko mbele atakihitaji.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo wanaume wanaojulikana kwa safari zao. Mimi nilijulikana kwa kiti changu. Kilikaa barazani, ubao wake umekwisha kuchukua umbo langu, na fundi aliyekitengeneza alikuwa akija kukitazama kama mzazi anayemtembelea binti aliyemwoza. Siku hizi kuku hutagia juu yake, lakini hilo ni la baadaye. Nyumba yetu iko nje kidogo ya Mlowo, upande wa mashamba ya kahawa, mahali ambapo malori ya Zambia husikika yakinguruma kwenye mlima lakini hayaonekani. Ndivyo ninavyoipenda dunia: isikike, isionekane.

Mke wangu si hivyo. Binti yetu alipojifungua mapacha huko Tunduma, mama yake alifunga vitenge vinne kwenye mfuko akaenda kumhudumia. Ilikuwa iwe miezi mitatu. Miezi mitatu ikawa sita, mapacha wakaota meno, wakatambaa, sita ikawa mwaka na zaidi, na mke wangu bado yuko huko. Binti ana kibanda cha vitenge karibu na mpaka, na alipokuwa akinyonyesha, mama alikaa kibandani badala yake. Kumbe ana kipaji. Wateja kutoka ng'ambo, Nakonde, wakampenda, wakamfundisha salamu zao za Kibemba, na taratibu akaanza kuzileta kwenye simu yangu. Nikipiga, badala ya haloo nasikia, "Mulishani!" Kisha anacheka peke yake. Mimi sikucheka. Nilimwona kama mtu anayejifunza kuaga.

Kutoka kwetu hadi Tunduma, ukipanda basi dogo la asubuhi ukapita Vwawa, unafika kabla chai haijakutoka tumboni. Nilikwenda mara moja tu, siku ya ubatizo wa mapacha, na nikarudi siku hiyohiyo. Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka nikadhani ni ukuta. Watu watatu, mmoja baada ya mwingine, walitaka kunibadilishia kwacha, ilhali sina hata sura ya mtu mwenye kwacha. Nilirudi nikakaa kwenye kiti changu kama mtu aliyetoka vitani.

Basi badala ya kwenda, nilituma. Kuna basi dogo moja ambalo konda wake alikuwa rafiki wa mizigo yangu. Nilimkabidhi maharage, nikamkabidhi ndizi, mahindi mabichi ya msimu, kahawa ya kukaanga, mara moja kuku jike amefungwa miguu. Konda yule alinifahamu kuliko mkwe wangu. Lakini neno "rudi" sikulituma. Sikulisema kwenye simu wala sikuliweka kwenye mfuko. Nilidhani neno kama hilo mtu halisemi. Linakaa ndani ya maharage na mpokeaji analiona mwenyewe anapochambua.

Sasa, huyo ng'ombe.

Tulikuwa na maksai wawili wa plau. Mmoja wangu, mmoja wake, aliyemnunua kwa mavuno ya shamba lake mwenyewe, na hakuniruhusu nisahau hilo. Asiyelima kwa ng'ombe huenda hajui kwamba maksai hufundishwa kwa upande. Wa kushoto wa nira ni wa kushoto mpaka kufa, na wa kulia vivyo hivyo. Wake alikuwa wa kulia, yule anayetembea ndani ya mfereji. Akiwa bado kijana, mnyororo ulikatika, plau ikaruka ikampiga mguu wa mbele, muundini, chini kidogo ya goti. Wanaume wote, nami nikiwa mmoja wao, tulisema aitwe mwenye bucha. Mke wangu alikataa. Alichana kitenge, akachemsha maji ya chumvi, na kwa muda wa wiki nyingi kila asubuhi alipiga magoti kwenye samadi akiukanda ule mguu. Mfupa uliunga. Ulibaki na kinundu kama kokwa ya parachichi, na hata miaka baadaye, akipita zizini, alikuwa akiinama kidogo akipapase kwa kidole gumba, hivi, bila hata kuacha kuongea.

Kwa hiyo alipokuwa Tunduma, kila jioni baada ya mulishani swali la kwanza lilikuwa, "Ng'ombe wangu hajambo?" Mimi niliulizwa baadaye, kama salio lilibaki.

Ng'ombe huyo alipotea siku ya Jumapili. Mpira ulikuwa redioni. Nilikwenda kuwapa maji, nikasikia mtangazaji anapandisha sauti, nikarudi mbio bila kurudisha fito za mlango wa zizi. Mechi ilipokwisha nilikuta zizi liko wazi. Ng'ombe wangu alikuwa amesimama palepale, upande wake wa kushoto, anacheua. Mlango uko wazi, naye amebaki. Mnyama hufuata tabia ya mwenyewe. Wa mke wangu alikuwa ameondoka.

Nilimtafuta siku mbili, kwa kiasi ambacho mtu wa nyumbani anaweza kutafuta, yaani mpaka pale ambapo bado unaliona paa lako. Nilimuuliza mwenyekiti wa kitongoji, nikamwomba asitangaze. Jioni ya siku ya kwanza simu ikalia.

"Mulishani! Ng'ombe wangu hajambo?"

"Hajambo," nikasema. "Amekula vizuri leo."

"Amekula nini?"

"Majani."

"Majani gani?"

"Majani tu, ya kijani."

"Haya," akasema. "Msalimie."

Nikaendelea hivyo siku kumi na tisa. Nilimlisha ng'ombe yule kwenye simu, nikamnywesha, nikamtoa kupe. Sijawahi kumtunza mnyama vizuri hivyo. Na kila jioni, nikikata simu, nilitoka kwenda kumtazama yule wa kwangu. Alikuwa akilala nusu ya zizi, upande wa kushoto, nusu nyingine tupu kana kwamba imechorwa mstari. Nilimcheka. Kisha nikaingia ndani, nikapanda kitandani, nikalala upande wangu wa ukutani, na upande wa pili nikauacha umetandikwa.

Siku ya ishirini watu waliokuwa wakiandaa mashamba walichoma nyasi bondeni. Moto ukipita, bonde letu hutoa siri zake: makopo, viatu vya mguu mmoja, na mifupa. Nilishuka kwa sababu moshi ulikuwa umenifukuza barazani. Chini, karibu na kijito, nikauona mfupa mrefu umelala kwenye majivu. Muundi wa mnyama mkubwa. Niliupima kwa shibiri, ikatosha moja kamili, kama ule wa ng'ombe wetu nilivyoukisia. Nikaupapasa ubavuni, na ubavuni kulikuwa na kitu kimeota, mwinuko mgumu ulioganda kwenye mfupa kama kovu.

Kidato cha nne nilipata alama nzuri kwenye mchoro wa mifupa, wa binadamu lakini. Nilisimama pale bondeni na Biolojia yangu yote nikasema, hiki ndicho kinundu. Kisha, na hili ndilo ninalolionea haya kuliko punda mwenyewe, moyo wangu ulitulia. Ng'ombe aliyekufa hahitaji kulishwa tena kwenye simu. Niliutaka mfupa ule uwe wake.

Nikampigia hukohuko bondeni.

"Una uhakika?" aliuliza.

"Nina uhakika. Kinundu kipo."

Ndipo akalia. Alipomaliza akasema, kwa sauti ambayo sikuizoea, "Basi. Nilikuwa nasema nirudi mvua zikianza, nimwone akiingia shambani. Sasa sijui nirudie nini."

Baada ya siku ile jioni zilikuwa kimya. Nilikuwa nakaa na simu magotini mpaka taa yake inazimika. Kupiga nilipiga, mara mbili, lakini tulikuwa kama wageni kwenye benchi la zahanati. Hujambo, sijambo, mvua bado, huku pia bado. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kwa mwaka mzima na zaidi tulikuwa tumezungumza kupitia kwa ng'ombe, na mimi nimemuua mkalimani.

Wiki moja baada ya mazishi, asubuhi, jirani yangu alikuja amekunja kitenge kama mtu anayekwenda kupigana. Jirani huyu ni mama anayepika supu ya kongoro, miguu ya ng'ombe, kando ya barabara kuu. Shamba lake na langu yametengwa na mstari wa migomba, na kwa kuwa yeye na mke wangu ni kama ndugu, mimi ni shemeji yake na yeye ni shemeji yangu. Mkononi alikuwa na mfupa. Niliutambua, maana bado ulikuwa na udongo wa kaburini.

"Shemeji," alisema, "nani anakula punda kwako?"

"Punda?"

"Mbwa wangu kauleta huu mpaka jikoni. Kauweka mbele ya wateja, shemeji! Watu wana bakuli za kongoro mkononi, mbwa anatoka kwako na mguu wa punda! Unataka kunifungia biashara?"

"Shemeji, huo ni wa ng'ombe. Wa mama. Nimeuzika mwenyewe."

Alinitazama. Akautazama mfupa. Nilimwona anajizuia, uso ukatetemeka, kisha akakaa kwenye ngazi ya baraza akacheka mpaka kilemba kikamtoka. Alipopata pumzi aliniuliza kama nilimleta na mchungaji.

"Njoo hapa," akasema. "Mwanaume mzima, umekula kongoro langu miaka yote hii, hujawahi kutazama unachokitafuna?"

Alikwenda kwake akarudi na mfupa mwingine, mweupe, umechemshwa usiku kucha. Akaiweka miwili sambamba kwenye sakafu. "Ng'ombe ana kwato mbili. Kwa hiyo muundi wake unaishia na vifundo viwili, hivi, kama magoti ya watoto wawili waliokaa pamoja. Na mbele una mfereji, unapita katikati hapa. Sasa huyu wako. Kifundo kimoja. Kwato moja. Ni nani mwenye kwato moja hapa Mlowo?"

Nikainama kuutazama.

"Na hiki ulichokiita kinundu..." Alinikamata kidole gumba, akakipitisha ubavuni mwa mfupa. "Kimeshuka mpaka wapi? Kinundu hukaa mahali pamoja. Hiki ni kijiti, kimeganda. Geuza. Na huku kipo. Punda wote wanavyo, viwili, kushoto na kulia. Huyu ni yule wa mkokoteni wa mahindi, aliyekufa mwaka juzi wakamburuta bondeni. Umemlilia punda wa watu!"

Alipoondoka alinikataza nisiuzike tena. Nikabaki na ile miwili barazani, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nilihisi kitu kama njaa. Kama mfupa si wake, basi hajafa. Au hajafa pale. Au bado haijajulikana, na isiyojulikana ina nafasi ndani yake ya mtu kukaa.

Nikaanza kushuka bondeni kila asubuhi. Mimi! Kiti kikapata vumbi. Nilipita kando ya kijito, nikavuka hata pale ambapo paa langu halionekani tena, nikiangalia chini kama mtu aliyedondosha pete. Kila mfupa wa mguu niliouona niliubeba. Jirani alinifundisha kwa kunitania, nami nikajifunza kwa kutaniwa, ambayo ndiyo shule pekee niliyomudu vizuri. Wa mbuzi una vifundo viwili kama wa ng'ombe, ila mwembamba kama mpini wa mwiko. Nguruwe hana muundi mmoja. Ana vifupa vifupi vinene, vingi, na siku niliyomletea kimoja nikisema ni cha ndama alinizawadia bakuli la supu kwa huruma. Wa mbwa ni kama vidole. Ng'ombe mwenyewe, mguu wa mbele ni bapa kwa nyuma, unakaa vizuri mezani bila kubingirika. Wa nyuma ni mrefu zaidi na una pembe nne kama fito iliyochongwa. Na mnyama akiwa bado mchanga, ncha ya mfupa inatoka yenyewe, kama kizibo.

Niliipanga ukutani barazani, kwa ukubwa. Jirani akaniambia watu wameanza kusema naagua.

"Waambie bado sijaanza kupokea wateja," nikamjibu.

"Shemeji, ungekuwa unaagua ungejua aliko ng'ombe wako," akasema. Hilo lilinichoma, na alijua.

Kila mfupa ulikuwa na namna yake ya kunitisha. Nilipouona kwa mbali, nilijiombea uwe mdogo. Ukiwa mkubwa, nilijiombea uwe na kifundo kimoja. Ukiwa na vifundo viwili, nilijiombea uwe wa nyuma. Niliwahi kuokota mmoja mkubwa, wa vifundo viwili, bapa kwa nyuma. Nikaugeuza, ncha ikatoka kama kizibo. Ndama. Nilimshukuru Mungu kwa kifo cha ndama wa mtu, kisha nikamwomba msamaha.

Nadhani ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mawingu yamekwisha kukaa juu ya vilima vya Ileje lakini hayajashuka, nilipoukuta wenyewe. Ulikuwa chini ya jiwe, mbali kuliko nilivyowahi kufika. Mkubwa. Vifundo viwili. Mfereji mbele. Bapa kwa nyuma. Ncha ya chini imeshika, mnyama aliyekomaa. Sehemu ya juu, pale chini ya goti, ilikuwa imezama kwenye udongo.

Sikuuchomoa mara moja. Nilikaa kando yake. Nilijiambia nimechoka, lakini sikuwa nimechoka. Nilimwona mke wangu amepiga magoti kwenye samadi, kitambaa cha kitenge kinatoa mvuke, anazungumza na ng'ombe kuhusu bei ya mbolea kana kwamba ndiye mumewe. Nikajiuliza kama amewahi kuzungumza nami kwa utulivu ule. Kisha nikajibu mwenyewe kwamba amewahi, miaka mingi, na mimi nilikuwa nasikiliza mpira.

Nikaushika mfupa kwa mkono wa kushoto, nikaingiza kidole gumba udongoni, nikapapasa kama alivyokuwa akipapasa yeye.

Laini. Nikarudia. Nikauchomoa wote, nikaupangusa kwa shati, nikaupapasa mbele, nyuma, kwa ndani, kwa nje. Laini kama kikombe.

Nilipiga kelele ambayo sijui ilikuwa ya namna gani. Kunguru waliruka. Halafu, kabla sijatafuta hata sababu ya kuogopa, nikatoa simu.

"Mulishani," alisema, bila kicheko.

"Mama, ule mfupa haukuwa wa ng'ombe wako."

Nyuma yake nilisikia honi ya lori na mtu akinadi viazi. "Ulikuwa wa nani?"

"Wa punda."

Lori likapiga honi tena.

"Kwa hiyo nimemlilia punda."

"Tumemlilia wote."

"Mimi nililia mbele ya wateja, baba. Mama mmoja wa Nakonde alinishika mabega akaniombea. Kwa Kibemba. Kwa ajili ya punda."

Basi nikasema yote. Kwamba ng'ombe alipotea kabla ya mfupa. Kwamba zile siku nilizomwambia hajambo, zizi lilikuwa nusu. Kwamba nilikuwa nasikiliza mpira.

"Kupotea najua," akasema. "Niliambiwa kesho yake."

"Na nani?"

"Unauliza na nani! Una majirani wangapi wanaonipigia simu?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja useme wewe. Kila jioni nasema, leo ataniambia. Na wewe unanilisha majani ya kijani. Majani ya kijani mwezi wa tisa, baba? Kupotea nilijua. Kufa ndiko nilikokuamini, maana nilisema mtu hawezi kudanganya mpaka huko."

"Sikudanganya. Huko nilikosea."

"Najua." Kwa mbali sana nikasikia kitu kama tabasamu. "Ulikosea kwa shibiri."

Nikamwambia habari za mfupa wa siku ile. Akaniuliza kama nimeshika palepale, chini ya goti, kwa ndani kidogo. Nikasema palepale. Akauliza pako laini? Nikasema laini. Akashusha pumzi ndefu, na mimi nikashusha yangu, na kwa muda tulikaa hivyo, watu wawili wanaopumua kwenye simu wakati salio linakwenda.

"Huenda yuko," akasema.

"Huenda."

"Baba, tangu nije huku umenitumia maharage sijui magunia mangapi. Mpaka mapacha wanakuita babu maharage. Hujaniuliza hata siku moja narudi lini."

"Nilidhani..."

"Hata siku moja."

Pacha mmoja akaanza kulia, akasema ngoja, na simu ikakatika. Nikangoja. Nilikuwa na salio la kumpigia tena, na swali lenyewe lilikuwa mdomoni, maneno mawili tu. Nilipanda kurudi nyumbani nikiwa nimelibeba mdomoni hivyohivyo.

Usiku nilifikiri, na nilichokifikiria mtu wa kawaida asingekifikiria. Niliona nimtumie ushahidi. Auone mwenyewe, aushike. Nikachagua mifupa miwili, ule wa punda na ule laini wa ng'ombe wa mtu, nikaiviringisha kwenye gazeti, nikafunga kwa kamba ya katani. Juu yake nikaweka barua ya kurasa mbili. "Unarudi lini" iliandikwa mwisho kabisa wa ukurasa wa pili, chini ya habari za kahawa na chawa wa kuku.

Asubuhi nilisimama kando ya barabara kuu, mbele ya jiko la jirani, nikingoja basi la konda wangu. Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani. Sijui kwa nini, mtu wa kukabidhi kifurushi hahitaji viatu vya kanisani. Wateja wa supu walikuwa wanne au watano kwenye benchi. Jirani alinitazama miguuni, akanitazama mikononi.

"Umebeba nini, shemeji?"

"Mzigo wa mama."

"Mzigo gani?"

"Vitu tu."

Aliacha mwiko ndani ya sufuria, akaja akautwaa mkononi mwangu, akaufungua pembeni. Kifundo kimoja cha punda kikachungulia kutoka kwenye ukurasa wa michezo. Mteja mmoja aliacha kutafuna. Jirani hakucheka safari hii. Alirudisha gazeti taratibu, akakaza kamba, akasimama na kifurushi changu kwapani. Basi lilikuwa limekwisha kuonekana kule juu, linashuka likipiga honi, na konda ananing'inia mlangoni ananipungia kama kawaida yake, mkono umenyooshwa tayari kupokea.

"Shemeji," alisema jirani, kwa sauti ya kusikika benchi zima, "maharage ya nyumba hii yamepanda basi kwenda kwa mkeo, ndizi zimepanda, kuku kapanda amefungwa miguu, na leo anapanda hata punda wa watu aliyekufa. Aliyebaki ni wewe. Sasa panda, au nikuviringishe gazeti nikukabidhi kwa konda?"